Bado ya Babu Fundi

Haraka haraka haina baraka, wenzake walimwambia tangu wiki ya kwanza ya mafunzo, naye akacheka tu. Wodini wakamwita Chapchap na jina likamkaa. Alikuwa anasomea kuhudumia wagonjwa: vitanda alitandika chapchap, mabeseni aliosha chapchap, na mchana ule alimlisha Babu Fundi chapchap vilevile, mpaka mzee akapaliwa.

Babu Fundi alikuwa fundi cherehani kabla ya kiharusi kumlegeza upande mmoja na kumnyang'anya maneno. Yalibaki matatu: ndiyo, hapana, bado.

"Babu, umeshiba?" Chapchap aliuliza, kijiko mkononi.

"Bado."

Akampa kijiko kingine cha uji. "Umeshiba sasa?"

"Bado."

Akampa tena. Hapo mzee akatoa macho, pumzi ikakatika. Muuguzi alikuja mbio, akamwinamisha na kumpiga mgongoni hadi uji ukatoka. Mzee akavuta pumzi.

"Alikaa wima?" muuguzi aliuliza.

"Alikaa wima."

"Kijiko kidogo?"

"Kidogo."

Yote kweli. Basi muuguzi akaona koo la mzee limezidi kudhoofika, na daktari akakubali: kesho atawekewa mpira wa puani, kula kwa mdomo basi. Binti wa mzee alisikia habari hiyo akiwa amekumbatia chupa ya uji aliotoka nao nyumbani.

"Ndiyo raha pekee iliyombakia," alisema, bila kumtazama mtu.

Zamu ilipokwisha, mwalimu aliwakusanya wanafunzi kwenye stoo ya mashuka kwa kile walichokiita kioo. Kila mmoja alijitazama kwa maswali yaleyale: nini kilitokea, ulidhani nini, kesho utafanya nini? Mwalimu hakuwa na mchezo. Mwanafunzi aliyesahau kuinua kizuizi cha kitanda alirudishwa kwao, na Chapchap alikuwa na mama aliyekwishautangazia mtaa mzima kwamba bintiye ni nusu daktari.

"Chapchap, zamu yako."

"Babu Fundi alipaliwa."

"Hilo tunalijua. Ulidhani nini?"

Njia ya mkato ilikuwa wazi. Aseme koo la mzee limechoka, yaishe. Muuguzi mwenyewe kasema hivyo, nani angembishia? Aliogopa, aliogopa sana.

"Nilidhani anataka zaidi," akasema. "Nilimwuliza kama ameshiba, akasema bado. Lakini shavu lake lilikuwa limejaa, mwalimu. Alikuwa ananiambia bado hajameza."

"Shavu uliliona?"

"Niliona."

"Ukaendelea."

"Nikaendelea. Nilitaka kumaliza."

Mwenzake mmoja akainamisha kichwa. Mwalimu akasimama.

"Yako tutayaongea kesho. Sasa twende ukayarudie maneno hayo kwa daktari."

Aliyarudia kando ya kitanda, binti wa mzee akisikiliza neno kwa neno. Daktari alifikiri, kisha akaagiza uji uletwe, amwone mzee akimeza. Mwalimu akamkabidhi Chapchap kijiko.

"Wewe uliyeuliza vibaya, uliza vizuri."

Mzee alipomwona alifumba mdomo. Chapchap akavuta kiti, akakaa, jambo ambalo mchana hakulifanya. Akangoja. Mdomo ukafunguka kidogo, akatia kijiko.

"Babu, umemeza?"

"Bado."

Akaweka kijiko kwenye bakuli, akakunja mikono mapajani. Daktari akatazama saa. Chapchap hakubandua macho kwenye koo la mzee. Likapanda, likakwama, likashuka.

"Umemeza, Babu?"

"Ndiyo."

Wakaenda hivyo hadi nusu bakuli, bila hata kikohozi. Daktari akasema mpira hauhitajiki, akatoka.

Hapo ndipo binti wa mzee akafungua mdomo. "Mchana, baba alikwambia bado mara ngapi?"

"Mara mbili, dada."

Binti akachukua kijiko mkononi mwa Chapchap, akangoja ainuke, kisha akakaa yeye kwenye kile kiti.

"Baba," akauliza, "umemeza?"