Kwa Nini Ulijiondoa

Mgeni alibisha hodi wakati shangazi amebana pini midomoni, kwa hiyo nikaitikia mimi. Alikuwa mama wa makamo mwenye viatu vya raba na mkoba begani, na uso wa mtu aliyeulizia njia kila kona. Alitazama simu yake, akanitazama mimi, kisha akanisomea kwa sauti anwani yangu ya barua pepe, ile niliyojipachika nikiwa sekondari na ambayo haifai kutamkwa mbele ya jamaa.

"Ni mimi," nilisema, nikitamani shangazi awe hajasikia.

"Afadhali. Nina swali moja tu, nikijibiwa naondoka. Kwa nini ulijiondoa?"

"Kujiondoa wapi, mama?"

"Kwenye orodha yangu. Nilikuwa nakutumia ujumbe kila asubuhi. Juzi umebonyeza pale chini palipoandikwa 'sitaki tena'."

Shangazi alitema pini kiganjani. "Kumbe ulikuwa umejiunga na nini wewe?"

Ndipo nilipoitambua ile sauti. Nilikuwa nimeisikiliza miezi mingi kwenye simu, nikiwa nimelala chali, nikiamini kwamba siku moja itanitoa. Watu walimwita Mama Bonyeza kwa sababu kila video yake iliishia kwa maneno yaleyale: "Bonyeza hapo chini, mwanangu, hapaumi." Alikuwa anafundisha biashara ya mtandaoni, namna ya kutangaza, kuandika, kumpata mteja na kumtunza. Niliwahi kuagiza kijitabu chake na kumpa anwani ya nyumbani ili kiletwe. Sikujua kwamba anwani nayo ina miguu, inaweza kumleta mtu.

"Mgeni aketi kwanza," alisema shangazi. "Swali halikimbii."

Kuketi ndiyo ilikuwa kazi. Shangazi ni fundi wa makochi, na chumba chake cha mbele kilijaa makochi yaliyovuliwa nguo: mengine mbao tupu, mengine springi zimechomoza kama mbavu. Pa kukaa hapakuwapo. Hatimaye nilimpa kigoda changu, nami nikakaa juu ya roli la kitambaa.

"Sema ukweli," alisema Mama Bonyeza. "Sikuja kukuuzia kitu. Kila mwezi namchagua mmoja aliyejiondoa, namfuata. Wengine hunifungia mlango."

Nilimtazama shangazi. Shangazi alirudi kwenye kitambaa chake, lakini cherehani hakuiwasha, na hiyo ni dalili kwamba anasikiliza.

"Ni lile neno 'leo tu'," nilisema. "Punguzo ni leo tu. Nafasi ya darasa ni leo tu. Mara ya kwanza nilihangaika siku nzima nikidhani nitaikosa. Kesho yake ikaja tena, leo tu. Leo yako haiishi, mama. Nikaanza kujiuliza, kama hili si kweli, na mengine je? Na mimi niliyapenda yale mengine."

Alitoa kalamu, akaiangalia, akairudisha mkobani.

"Wengi wananiambia ujumbe ni mwingi," alisema. "Hilo hakuna aliyewahi kuniambia."

"Labda waliona aibu."

"Au walizoea. Hiyo ni mbaya zaidi."

Udadisi ukanishinda. Ni nani anayepanda gari na kuulizia njia mtaa kwa mtaa, ili aambiwe kosa lake na mtu asiye na hata kazi? Nilimuuliza alianzaje tabia hiyo. Shangazi akaacha hata kujifanya anapima kitambaa.

Mama Bonyeza alisema alianzia kwenye ofisi ya maji, kwenye simu ya malalamiko. Huko alijifunza kwamba mtu hasemi linalomuuma mpaka anapokaribia kukata simu, kwa hiyo akawa na subira. Alipojifungua aliacha kazi, akaanza kuuza nguo za watoto mtandaoni, akiwa amekaa kitandani, mtoto begani. Alikuwa na rafiki aliyetoka kituo cha hali ya hewa, waliyemwita Takwimu, mtu wa kupima kila kitu. Takwimu ndiye aliyempa wazo: muulize mama tarehe anayotarajia kujifungua, kisha mashine yenyewe imtumie ujumbe, kila mwezi, kwa umri wa mtoto. Mtoto wako sasa anakaa. Mtoto wako sasa anatambaa, ana suruali ya kukinga magoti?

"Biashara ilipaa," alisema. "Tulikuwa tunaamka tumeshauza. Kisha siku moja nikakutana na jirani yangu sokoni, akanikwepa. Nilimfuata, maana mimi king'ang'anizi. Nikamwambia, dada, hata orodha yangu umeikimbia, nimekukosea nini? Akaniambia, yule mtoto hakuzaliwa. Na kila mwezi ujumbe wangu ulimwambia amefikisha umri gani."

Shangazi aliinamia mkasi wake bila kukata chochote.

"Mashine ilikuwa na tarehe," alisema Mama Bonyeza. "Haikuwa na kitu kingine. Na mimi niliona tu kwamba mtu mmoja amepungua, na kumi wameongezeka. Tangu hapo nawafuata. Kompyuta inanionyesha mlango aliotokea mtu, hainionyeshi sababu."

Shangazi aliinuka, akaleta maji ya kunywa. Kwake hiyo ni hotuba.

Mgeni alipomaliza kunywa aliomba kuona kazi yangu. Nilimwonyesha ukurasa nilioutengeneza kwa ajili ya shangazi. Nilikuwa nimemaliza chuo, nimetuma maombi kila mahali, na shangazi alisema badala ya kukaa ukiisubiri simu iite, itumie kuniletea wateja. Picha nilipiga mwenyewe. Tangazo niliandika mwenyewe: "Hata mto mmoja wa kochi tunautengeneza, tunakuletea, na tunauweka mahali pake kabla wageni wako hawajaketi."

Alilisoma mara mbili.

"Nani alikufundisha kuandika ahadi ndogo namna hii?"

"Wewe. Ujumbe wa mwezi wa kwanza. Ulisema usiahidi mbingu, ahidi kitu ambacho mteja anaweza kukigusa kwa kidole."

Alicheka hadi kigoda kikalia. "Nimeshasahau kwamba niliwahi kuwa na busara." Kisha akasimama, akaning'ang'ania kwa macho. "Natafuta mtu wa kuandika pamoja nami. Kazi ya kweli, yenye mshahara. Jumamosi saa tisa alasiri watu wa kazi hii tunakutana ofisini kwangu, na nitachagua palepale, nimwone mtu kwa macho akiongea na wenzake. Njoo. Nafasi ni Jumamosi hiyo tu." Akatabasamu. "Na safari hii nitalitimiza neno. Jumapili usinitafute."

Alipoondoka shangazi aliwasha cherehani. "Huyo mama ana kichaa," alisema juu ya kelele, "lakini ni kichaa kizuri. Jumamosi uvae shati la bluu."

Nililipiga pasi shati la bluu siku hiyohiyo.

Sasa, tangazo langu lilikuwa limemleta mteja mmoja wa mto mmoja. Alikuwa mkutubi mstaafu, mama aliyeishi peke yake kwenye ghorofa ya tano, jengo lisilo na lifti. Kiti chake cha mikono kilikuwa kimedidimia, na Jumamosi saa kumi dada yake angekuja kumtembelea, dada mwenye mgongo mbovu, ambaye walikuwa hawajaonana tangu walipokosana. Hayo aliniambia kwa simu wakati akinipa vipimo. "Sitaki aje akae vibaya," alisema. "Akikaa vibaya ataondoka mapema."

Mto ulipaswa kuwa tayari Ijumaa. Lakini muuza sponji alituletea laini badala ya ngumu, na shangazi akiubonyeza mto laini hukunja uso kama amepewa chai bila sukari. Jumamosi asubuhi nilirudisha sponji, nikaisubiri nyingine. Shangazi akakata, akashona, zipu ikakataa, akaing'oa, akaweka nyingine. Alipokata uzi wa mwisho, saa ya ukutani ilikuwa imepita nane na nusu, nami nilikuwa nimesimama mlangoni na shati la bluu, nikihesabu njia kichwani. Ofisi ya Mama Bonyeza ilikuwa upande huu wa mji. Mkutubi alikuwa upande ule.

"Goti langu halipandi ghorofa ya tano," alisema shangazi, kabla sijafungua mdomo. "Ningekuwa na goti ningekwenda mimi."

"Nitampa mtu wa pikipiki."

"Mpe. Atafika hadi getini."

Nilimpigia mkutubi. Nilimweleza kwamba mto unakuja, ila mletaji atauacha kwa mlinzi.

"Haya, mwanangu," alisema. Kisha akaongeza, "Niliwachagua ninyi kwa sababu mlisema mtauweka mahali pake. Lakini si neno. Nitashuka polepole."

Hakulalamika hata kidogo. Angelalamika ningejitetea, ningesema mambo ya foleni na ya bei. Alisema tu atashuka polepole, nami nikamwona akishuka, mkono ukutani, kisha akipanda na mto mkubwa kuliko kifua chake, ili dada yake asikae vibaya.

Nilimpigia Mama Bonyeza. Nyuma yake nilisikia watu wakicheka na viti vikiburutwa.

"Mama, naweza kuja jioni? Au kesho asubuhi, mapema sana. Nina mto wa mteja."

"Ule wa kwenye tangazo?"

"Ndiyo. Hata mto mmoja, niliandika."

Alipumua. "Kijana, wewe ndiye uliyeniambia leo yangu haiishi. Nimewaahidi hawa walioko hapa kwamba leo nachagua. Wengine wametoka mbali. Nifanyeje?"

Nilikuwa na jibu tamu mdomoni. Ningeweza kumwambia kwamba mimi ni tofauti. Kila aliyewahi kurefusha "leo tu" bila shaka alijiambia kwamba mteja huyu ni tofauti.

"Chagua leo, mama," nilisema.

"Nilitaka uniombe zaidi," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesema kweli.

Shangazi alikuwa ameshaufunga mto kwenye karatasi ya nailoni na kunitilia kamba ya kubebea. "Ahadi ni deni," alisema, akinirekebisha kola kana kwamba bado nakwenda kule kwingine, "na mdai wako yuko ghorofa ya tano. Nenda."

Nilipanda ngazi na mto mgongoni kama kobe. Mkutubi alikuwa ameacha mlango wazi. Sebule yake ilikuwa vitabu kutoka sakafuni hadi juu, na katikati kile kiti, kikiwa na shimo pale mtu anapokaa. Niliingiza mto, nikausukuma kona kwa kona, nikaugeuza zipu ikae nyuma kama shangazi anavyotaka. Ulikaa sawasawa. Mkutubi alikaa, akainuka, akakaa tena.

"Unanisukuma juu," alisema. "Kama mtu anayeniambia niendelee kuongea."

Alinishukuru, akanipa kiganja cha karanga, akawa anaangalia mlango kila anapomaliza sentensi. Nikamwelewa, nikaaga.

Simu ilitetemeka mfukoni nikiwa ngazini. "Nimemchagua binti mmoja, anaandika vizuri," Mama Bonyeza alikuwa ameandika. "Nimefuta 'leo tu' kwenye ujumbe wote uliobaki. Imenichukua usiku kucha." Chini yake palikuwa na kiungo cha kujiunga tena na orodha yake. Nilisimama hapo kidogo, shati limenilowa mgongoni. Kisha nikabonyeza. Hapakuuma sana.

Kwenye ghorofa ya nne nilikutana na mama mmoja amesimama, mkono mmoja kiunoni, mwingine kwenye reli, akipumua. Alikuwa na uso uleule wa mkutubi, ila umekunjwa kwa maumivu na kwa kitu kingine, labda woga.

"Mwanangu," aliuliza, "ni juu zaidi?"

"Imebaki ghorofa moja, mama," nilimwambia. "Mlango uko wazi. Na ukifika, pa kukaa papo."