Mtihani wa Mkono Mkavu

Mtaani walimwita Mkono Mkavu, na si kwa uchoyo, maana mzee yule angekuvulia hata shati la mwilini. Jina lilitokana na kazi. Kwa miaka thelathini na minne alifunga umeme majumbani mwa watu, na muda wote huo hakuwahi kumiliki testa, kile kifaa kidogo cha kupimia umeme. Akitaka kujua kama waya una umeme, alipangusa vidole kwenye suruali, akageuza kiganja, akaugusa kwa mgongo wa kidole, haraka haraka kama mtu anayeonja uji wa moto. Kisha angetoa hukumu: "Huyu amelala." Au: "Huyu yuko macho." Watu walicheka, wakasema fundi ndiye huyo.

Ndipo ikaja sheria ya leseni. Tangazo lilisema asiye na leseni asiguse nyaya za nyumba ya mtu, isipokuwa chini ya uangalizi wa mwenye nayo. Mafundi wa zamani waliachiwa mlango mmoja: masomo ya jioni ya miezi mitatu, halafu mtihani wa vitendo. Ukishindwa mara mbili, unaanza masomo upya.

Na mwenye leseni, katika mtaa ule wote, alikuwa mmoja tu. Mkwe wake.

Mama Cheche aliolewa na mwana wa pili wa mzee, dereva wa lori anayeonekana nyumbani mara mbili kwa mwezi. Alianza kwa kumshikia baba mkwe tochi, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kuishika. Mzee akamfundisha kumenya waya bila kukwaruza shaba, akamfundisha kusikia kwa bisibisi kwamba skrubu imekaza na inatosha. Kisha Mama Cheche akaingia masomo ya jioni, mtoto mgongoni, akinyonyesha nyuma ya kabati la vifaa huku akijibu maswali ya mwalimu. Alipopata leseni, mzee ndiye aliyeitundika sebuleni. Alipima usawa kwa jicho, akarudi nyuma, akasema imekaa sawa.

Lakini leseni ile ile ndiyo iliyowageuza juu chini. Kwa karatasi, Mama Cheche akawa fundi na baba mkwe akawa msaidizi wake.

Siku moja waliitwa kwenye chumba cha fundi cherehani. Mzee alikuwa ameshapanda ngazi wakati fundi cherehani alipoinua kichwa kutoka kwenye mashine yake na kumwomba, kwa adabu zote, ashuke, kwa sababu hataki kesi na wakaguzi. Apande mwenye leseni. Mzee akashuka. Akaishika ngazi, mkwe akapanda. Wakati wa kurudi aliibeba ngazi begani, akatembea hatua mbili nyuma ya Mama Cheche, na alipoulizwa kwa nini, akajibu kwamba wasaidizi hutembea nyuma. Alisema kwa mzaha. Mzaha ule ulimkaa Mama Cheche kooni kama mwiba wa samaki, na usiku ule hakula vizuri.

Basi mzee naye akaingia masomo ya jioni, akayamaliza. Mtihani wa kwanza alishindwa kwa sekunde moja.

Katika karakana ya mtihani kila mtahiniwa huvishwa bangili yenye waya mrefu. Umeme wa bodi zile ni mdogo, haumdhuru mtu, ila ukigusa waya wenye umeme kwa mkono ule, kengele hulia, na ikilia umekwisha. Mzee alikuwa amezima swichi iliyoandikwa "taa", amefungua kifuniko, na kabla hajafikiria lolote, kidole kikageuka chenyewe. Kengele ikalia karakana nzima. Alivua bangili akaiweka mezani taratibu, akamshukuru mkaguzi kwa muda wake.

Nyumbani alitundika mfuko wake wa kazi msumarini nyuma ya mlango. Kwa wiki mbili hakuugusa. Akikaa, aliitazama mikono yake kama watu wawili waliomsema vibaya.

Mama mkwe alisema samaki hukunjwa angali mbichi, na huyu wake alishakauka tangu enzi za balbu za nyuzi. Lakini alisema akiwa amempa mgongo, na sauti yake haikuwa ya mtu anayecheka.

Mama Cheche aliwaza sana. Tatizo halikuwa kujua. Mzee aliijua kazi kuliko mwalimu wa jioni. Tatizo lilikuwa mkono. Na tatizo jingine lilikuwa hili: mkwe atamwambiaje baba mkwe wake kwamba umekosea, tena rudia, tena umekosea? Ulimi ungekataa. Basi akatafuta kitu cha kumsemea.

Alichukua ubao wa kabati bovu, akafunga juu yake swichi mbili, soketi na kishikio cha balbu. Akaweka betri za tochi na kengele ya mlango iliyokuwa imetupwa. Akaazima subana ya mama mkwe, kile kikofia cha bati cha kuvaa kidoleni wakati wa kushona, akaiunganisha na waya. Mzee akiivaa subana na kugusa waya wenye umeme, kengele italia. Mwishowe akatengeneza testa ya balbu ndogo, akaiweka pembeni.

"Baba," alisema, "naomba unisaidie kukagua ubao huu. Sina hakika nao."

Mzee aliuangalia ubao, akamwangalia mkwe wake. Alijua. Lakini aliombwa kwa heshima, akavaa subana.

Kengele ililia mara sita jioni ya kwanza. Mama Cheche hakusema neno. Aliyesema alikuwa Cheche mwenyewe, mwenye miaka mitatu, aliyepewa jina lile na babu yake kwa jinsi alivyozaliwa akirusha mikono na miguu. Mjukuu na babu ni watani, hana wa kumwogopa. Kila kengele ilipolia alipiga makofi na kuomba tena. Mama yake akamfundisha maneno mawili, naye akayashika kama wimbo: "Babu, pima! Babu, pima!"

Mzee alipima, ila kwa kinyongo. Aliinyanyua testa kama anayenyanyua mende, akaigusisha, kisha kidole kikaenda vilevile kuhakikisha. Kengele. Siku ya tatu aliitupa testa juu ya meza.

Mama Cheche akauliza, kwa sauti ya chini, ni kosa gani ambalo kifaa kile kilimkosea.

Hapo ndipo mzee alipomsimulia jambo ambalo hakuwahi kulisimulia. Ujanani alikuwa na mwenzake wa kazi, wakilala chumba kimoja, wakila sahani moja. Mwenzake alikuwa na testa nzuri, ya kwanza mtaani. Siku moja aliigusisha kwenye waya, haikuwaka, akashika waya kwa mkono mzima. Testa ilikuwa imekufa. Umeme ulimtupa kutoka kwenye ngazi. Hakufa, lakini mkono wake wa kulia haukushika tena kitu kizito. "Kifaa hakikumwambia kwamba kinaumwa," mzee alisema. "Ngozi yangu haijawahi kunidanganya."

 Siku zote hizi Mama Cheche alikuwa akimtaka aiamini testa. Alikuwa akisukuma mlango unaovutwa.

"Basi usiiamini, baba," alisema. "Ipime nayo."

Akampeleka hatua kwa hatua. Kwanza unaigusisha pale unapojua pana umeme. Ikiwaka, iko hai. Kisha unaigusisha kwenye waya unaotaka kuushika. Isipowaka, waya umekufa. Kisha unairudisha pale pa kwanza, iwake tena, ujue haikufia njiani. Mara tatu. Darasani mambo haya yalikuwa yametajwa kwenye ukurasa mmoja, yakapitwa haraka; hata yeye, siku za haraka, ile mara ya tatu aliiruka.

Mzee aliirudia hesabu ile kwa midomo bila sauti. Kisha akacheka, cheko la kwanza tangu kengele ya karakana. "Yaani shahidi naye ahojiwe," akasema. "Hilo nalielewa."

Kuanzia hapo aliinyanyua testa kama mtu anayemhoji mwizi. Panapowaka, panapolala, panapowaka. Kengele ililia mara mbili, kesho yake mara moja, halafu ikanyamaza. Jioni ya nne ya ukimya, Cheche alikaa mbele ya ubao mikono mashavuni, akangoja, akangoja, mwishowe akamgeukia mama yake na huzuni yote ya dunia. "Kengele imeharibika?"

Siku ya mtihani wa pili Mama Cheche alikaa kwenye benchi nyuma ya karakana, kwa kuwa msimamizi sharti awepo kuthibitisha kwa sahihi. Vilikuwepo vyumba viwili vilivyounganishwa, harufu ya mbao na bati, bodi sita zimesimamishwa ukutani. Pembeni ya kila meza palikuwa na soketi moja iliyozungushiwa rangi nyekundu, na chini yake maandishi: ina umeme wakati wote. Mkaguzi alikuwa mtu mrefu, kalamu sikioni, asiyepoteza maneno. Kazi ilikuwa kubadilisha swichi mbovu ya taa.

Aliyetangulia alikuwa kijana wa ovaroli mpya yenye mikunjo ya pasi, yule aliyekuwa wa kwanza darasani na aliyezoea kumwita mzee "babu wa darasa". Alizima swichi iliyoandikwa "taa". Akaichukua testa kutoka kwenye sinia, akaigusisha kwenye waya. Haikuwaka. Akatabasamu, akashika.

Kengele.

Kijana alibaki ameduwaa, akiitazama testa kama ndugu aliyemsaliti.  Mkaguzi aliirudisha testa kwenye sinia, akaita jina linalofuata.

 Mzee alivaa bangili, akapangusa vidole kwenye suruali. Mama Cheche aliutambua mpanguso ule, maana baada yake siku zote mkono hugeuka. Mzee alizima swichi ya taa, akafungua kifuniko. Waya ukatokeza, mwekundu, uchi. Mkono ukainuka. Kiganja kikaanza kugeuka.

Kikasimama hewani.

 Kwenye benchi midomo ya Mama Cheche ilisema peke yake yale maneno mawili ya mtoto.

Mzee akashusha mkono, akachukua testa. Hakuipeleka kwenye waya. Aliipeleka kwenye soketi nyekundu. Haikuwaka. Akaipangusa, akaigusisha tena, upande wa pili. Giza. Basi akatembea hadi kwa mkaguzi, waya wa bangili ukiburuta nyuma yake, akaiweka testa mbele yake mezani.

"Huyu shahidi amekufa," alisema. "Nipe aliye hai."

Mkaguzi akatoa testa nyingine mfukoni mwa koti bila kubadilisha uso. Mzee hakuiamini nayo. Soketi nyekundu: ikawaka. Waya wa taa: ikawaka pia. Mzee aliguna. Swichi ilikuwa chini, imezimwa, na waya bado uko macho. Maandishi ya bodi yalikuwa ya uongo. Akazima swichi kuu, akaifunga kwa kufuli, ufunguo akautia mfukoni. Waya wa taa: giza. Akarudi soketi nyekundu: ikawaka.

Ndipo akaushika waya kwa mkono mzima.

Karakana ilikuwa kimya kiasi cha kusikia skrubu ikiingia. Aliifunga swichi mpya kwa mwendo wa mtu anayevisha mtoto shati, akapangusa vumbi juu ya kifuniko, akarudisha umeme. Taa ikawaka.

Mkaguzi aliichukua kalamu sikioni, akaandika kwa muda mrefu. Halafu akasema kwamba kati ya watahiniwa kumi na wanane wa wiki ile, watatu tu walikumbuka kuihoji testa, na kati ya hao watatu, wawili hawakurudia mara ya tatu. Akauliza amefundishwa na nani.

Mzee alionyesha benchi. "Mwalimu wangu yule pale."

"Na yeye nani alimfundisha?"

"Mimi," mzee alisema, na kifua kikapanda. "Tunapokezana."

Mama Cheche alitia sahihi yake kwenye fomu. Chozi moja likaangukia karibu na muhuri. Mkaguzi akajifanya hakuona.

Nyumbani mama mkwe aliisoma leseni mara mbili, akageuza nyuma kutazama kama kuna kitu kingine, akasema kumbe hata samaki mkavu akirowekwa hukunjika. Cheche hakujali karatasi. Alimvuta babu suruali. "Kengele imelia?"

"Haikulia."

Cheche akamhurumia. "Pole, babu."

Mzee alicheka mpaka akaketi chini.

Kesho yake fundi cherehani aliwaita tena. Alitaka taa ya tatu juu ya meza ya kukatia. Alipowaona mlangoni akamtazama Mama Cheche, kama alivyozoea, akangoja apande. Mama Cheche aliishusha ngazi kutoka begani mwake, akaisimamisha, akaishika kwa mikono miwili.

"Mwenye leseni ndiye huyo," alisema. "Mimi leo nashika ngazi."

Mzee akatundika mfuko begani. Kabla ya kupanda alitoa testa yake mpya, ya kwanza maishani mwake, akaigusisha kwenye soketi ya mashine ya kushonea, mkwe wake na fundi cherehani wakitazama. Ikawaka. Akaiitikia kwa kichwa kana kwamba imejibu swali, akapanda.

Jioni walirudi wakitembea sambamba, ngazi katikati yao, kila mmoja ameshika upande wake.