Mlango wa Chokaa

Na ifahamike kwa wote, walio hai na watakaozaliwa, kwamba mimi, Mariat binti Yakub, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya bweni ya wasichana huko Jinja, nilijenga kituo cha afya chenye wodi mbili, vyumba tisa na vyoo vinne, kwa muda wa saa moja na robo, peke yangu, kabla sijanywa chai.

Nilikijenga kwa kopo la chokaa. Hakikuwa na paa, wala ukuta uliozidi unene wa kidole, na bata wawili wa mlinzi walikipita kutoka maabara hadi chumba cha kuzalia bila kubisha hodi. Tena, nikitaka kusema kweli, na maandishi haya yananisukuma huko nitake nisitake, sikukijenga. Niliirudishia tu mistari iliyofutwa na mvua.

Aliyekichora ni shangazi yangu Ramlah, msanifu majengo. Kituo halisi kilikuwa kijengwe Malukhu, mtaani kwetu hapa Mbale, na shangazi alikuwa na imani moja ambayo wenzake waliicheka: kwamba jengo lisianze kujengwa kabla watakaolitumia hawajalitembea. "Karatasi haina magoti," alizoea kusema. Kwa wiki tatu alikuwa akiuliza watu maswali. Wazee walitaka benchi linalotazama lango, wapate kuona nani anaingia na nani anatoka. Akina mama walitaka choo kinachoonekana kutoka pale walipoketi na watoto. Sisi vijana tulitaka mlango wetu wa nyuma, upande wa ua, kwa kuwa hakuna kijana anayependa kuulizwa na jirani wa mama yake amefuata nini hospitalini. Yote hayo aliyaweka kwenye ramani. Kisha Ijumaa akaomba uwanja wa mpira wa shule ya msingi, akapigilia vigingi, akanyoosha kamba na kuchora kituo kizima kwa ukubwa wake halisi. Jioni akaondoka kwenda Jinja kuwachukua wajumbe wa bodi ya afya waliobaki kule. Usiku mvua ikanyesha.

Alfajiri ya Jumamosi akanipigia simu.

"Gari limenifia Iganga," alisema. "Wazee hawawezi kungojeshwa juani, wataanza bila mimi. Ramani iko juu ya kabati. Irudishie mistari. Usiongeze, usipunguze."

"Ndiyo, shangazi."

"Mariat."

"Abee."

"Usiongeze, usipunguze."

Alikuwa na sababu ya kusema mara mbili. Muhula uliopita nilibandika tangazo lenye nembo ya shule, na kidato cha kwanza chote kikapanga foleni nusu saa mbele ya stoo kikingoja kupimwa masikio kwa ajili ya vitambulisho. Lakini mimi ni mtu wa ahadi. Sikuongeza kitu. Nilipunguza mlango mmoja.

Nilikuwa na kisa changu. Katikati ya ramani kulikuwa na chumba cha dawa chenye milango miwili, mmoja ukitazama wodi ya watoto, wa pili, wa kusukuma, ukitazama wodi ya wazee. Asubuhi hiyo wauguzi wawili wangejaribu kufanya kazi kwa saa nzima, kila mmoja kwenye wodi yake, na kwenye orodha wodi ya wazee ilikuwa ya Bruhan, mtoto wa mama yangu mdogo. Bruhan ana miaka ishirini na mitatu, amemaliza chuo juzi, na tangu hapo chakula hakipiti kooni mwake bila sifa. "Wodi ile nitaizunguka kama feni," alitutangazia mezani. Basi nikaona afadhali feni ipate kazi ya kuzunguka. Pale palipokuwa na mlango wa upande wa wazee nikapitisha ukuta, mweupe, ulionyooka, mzuri kuliko zote nilizochora. Sasa kila atakayetaka dawa atoke wodini, ashike ukumbi mrefu, apite wodi ya watoto, aingie kwa mlango uliobaki, kisha arudi kwa njia ileile.

Saa tatu watu wakafika, na pamoja nao Afande Norman Wabwire, katibu wa bodi. Aliwahi kuwa jeshini, sasa anaishi Kimaka kule Jinja, na nasikia hata mkewe humwita Afande. Alikuwa amekuja tangu jana kwa gari lake. Alisimama mbele ya kituo changu cha chokaa akiwa na faili kwapani na saa ya kuhesabu sekunde shingoni.

"Bodi imeuliza swali moja," alisema. "Wauguzi waliopita miaka hamsini na mitano wabaki wodini, au wahamishiwe Jinja kutunza mafaili? Bi Ramlah anasema jengo likichorwa vizuri litawabeba. Leo tutahesabu hatua. Saa kumi bodi inakaa Jinja, saa saba mimi niko barabarani na jibu." Akafungua faili. "Sista Beldina, wodi ya wazee. Kijana, watoto."

Chokaa ikanikauka mikononi.

"Lakini orodha inasema Bruhan ndiye—"

"Wewe ni nani?"

"Mhandisi wa chokaa, Afande."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Mzee kwa wazee, wataelewana. Mhandisi, nenda chumba cha dawa ukagawe vidonge."

Vidonge vilikuwa maharage. Palikuwa na meza ya kweli, birika la chai na vikombe. Nikaenda nikasimama nyuma ya meza, ndani ya chumba nilichokiziba mwenyewe.

Lazima niwaeleze Sista Beldina ni nani. Alizaliwa ng'ambo ya mpaka, Busia, akaja Mbale akiwa msichana, na kwa miaka thelathini na minne amekuwa akiwapokea watoto wa Malukhu wanapoingia duniani. Mimi nilikuja miguu ikitangulia. Yeye ndiye aliyenigeuza na kunitoa, na husema kwamba tangu saa ile alijua nitakuwa mtu wa namna gani. Mwaka huu ametimiza hamsini na minane. Goti lake la kulia haliongei na la kushoto.

Wahenga walishatuambia yanayompata mchimba kisima. Hawakusema lolote kuhusu kisima kinachomeza mpita njia.

Nilitaka kusema pale pale, naapa. Lakini kitu fulani kilitokea kikanifunga mdomo.

Mama Orpah, mwenye duka la vitambaa, alikuwa wa kwanza katika foleni ya wazee. Alifika kwenye mstari wa lango, akasimama. Mbele yake palikuwa na nyasi, na nyuma yake nyasi zilezile. Akainama polepole, akavua ndala zake, akazipanga kando ya mstari, akaingia. Aliyemfuata akavua. Na wa tatu. Mzee Masinde, ambaye nimemsikia akigombana na polisi, imamu na mchungaji kwa wiki moja, alivua viatu na kofia pia. Hakuna aliyewaagiza. Baada ya muda palikuwa na safu ya jozi kumi na saba za viatu kando ya mlango usiokuwapo, navyo viliufanya uwepo.

Nikatazama na kinywa wazi. Mtoto mmoja alitaka kukatiza ukutani, mama yake akamvuta mkono: "Utagonga kichwa." Bata walipoingia tena, mlinzi hakuwafukuza ovyo, aliwaswaga ukumbini mpaka wakatokea langoni. Msichana wa rika langu alipita mlango wa nyuma akiwa ameinamisha uso, kana kwamba ua ule wa chokaa ulimficha kweli, na majirani wote waliokuwa wakimwona waziwazi wakatazama pembeni. Na Sista Beldina, alipovuka kizingiti cha wodi, akapunguza sauti. Uwanja ule mkubwa, upepo wa mlima ukiushukia, na yeye ananong'ona ili asiwaamshe wazee waliojilaza kwenye mikeka kuigiza wagonjwa.

Shuleni tuna ukumbi wa matofali wenye jukwaa na picha za walimu wakuu waliotangulia. Sijawahi kuuona ukiheshimiwa hivyo.

Kisha Sista akaanza kutembea. Alichukua agizo la kwanza, akaja hadi kwenye ukuta wangu, akasimama. Alikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Aliutazama ule mstari, akaugusa kwa ncha ya kiatu kama mtu anayepima maji, kisha akageuka. Akashika ukumbi, akapita watoto, akaingia kwa mlango uliobaki.

"Maharage mawili meupe na moja jekundu, mama," akaniambia.

"Sista, si ungeruka tu hapa?"

Akanitazama kwa mshangao. "Nipite ukutani?"

Akarudi kwa njia ndefu. Akaja tena, akarudi tena. Upande wa pili Bruhan alikuwa akiingia na kutoka kama nyuki, hatua nne kwenda na nne kurudi, huku akinikonyeza. Safari ya sita goti la Sista lilianza kuvuta. Ya tisa aliegemea kidogo mahali palipokuwa na ukuta wa ukumbi, yaani aliegemea hewa, akajikumbuka, akanyooka. Hakulalamika. Utani wangu wote maishani umeishi kwa kutegemea jambo moja, kwamba mtu atakasirika na mimi nitacheka. Huyu hakunipa hasira. Nilihesabu maharage mpaka vidole vikatoka jasho, na kila nilipofungua kinywa niliona ile safu ya viatu. Kusema "nimefuta mlango" mbele ya watu wale kungekuwa sawa na kusema nimebomoa nyumba wakiwa ndani.

Saa ikatimia. Afande akakusanya vile vidude vya kuhesabu hatua walivyovaa kiunoni.

"Kijana, mia tisa na sita." Akaangalia cha pili, akakigeuza, akaangalia tena. Nadhani hakufurahi, aliondoa miwani. "Sista, elfu mbili mia moja na arobaini."

Akatoa kalamu.

"Nasikitika, Sista. Mimi naandika ninachokiona."

"Andika, Afande," alisema Beldina. Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa benchi la wazee akilisugua goti. "Mafaili nayo yanahitaji mtu."

"Mafaili hayazai," Mama Orpah akasema. "Hapo Sista atafanya nini?"

"Atayageuza yaliyotanguliza miguu," akajibu Mzee Masinde, na wazee wakacheka kicheko kifupi kisicho na raha. Afande akafunga faili na kuanza kutafuta funguo za gari.

Hapo ndipo Mzee Masinde akainamia upande. Mwanzoni nilidhani bado anatania. Kofia ikamtoka magotini, jasho likamjaa usoni, na mkono wake ukawa unapapasa benchi.

"Sukari imemshuka," Beldina akasema, na sauti yake sasa ilikuwa nyingine kabisa. "Hajala huyu. Chai, yenye sukari nyingi. Haraka."

Bruhan akatimua mbio. Nitasema ukweli, alikimbia vizuri. Alikimbia ukumbini, kwa njia ndefu, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na njia. Mimi nilikuwa ndani ya chumba cha dawa. Nikamimina kikombe kikajaa, nikatia vijiko vinne, nikakishika kwa mikono miwili kisimwagike, nikaenda. Nilifika, nikasukuma mlango kwa kiwiko, nikapita ubavu, nikaurudisha kwa kisigino usijibamize, nikapiga magoti mbele ya Mzee Masinde.

Akanywa. Beldina alimshika kisogo. Baada ya dakika chache macho yakarudi mahali pake.

"Chai hii," Mzee Masinde akasema, "imepikwa na mtu asiyejua kupima."

Watu wakapumua. Mimi pia nikacheka, nikainuka kurudi na kikombe, na nilikuwa nimefika katikati ya njia Beldina aliposema, bila kupandisha sauti:

"Mariat. Umepitia wapi?"

"Mlangoni, Sista."

"Mlango upi?"

Nikatazama chini. Mguu wangu mmoja ulikuwa wodini, mwingine ukiwa chumba cha dawa, na kati yake mstari mweupe, ulionyooka, mzuri kuliko yote.

"Mtu mwenye haraka huruka ukuta popote," Beldina akaendelea. Alikuwa amesimama sasa, na uso wake ulikuwa unafanya kazi kama wa mtu anayejumlisha. "Wewe umesukuma kwa kiwiko. Kisha umefunga." Akamgeukia Afande. "Mlango huo nilimwomba Ramlah. Hapo hapo, mkabala na benchi. Nilimwambia, mikono ya muuguzi imejaa kila wakati, uwe mlango wa kusukuma. Leo asubuhi nilipoona haupo nikajua mmeukataa."

"Hatukukataa mlango wowote," Afande akasema.

Akafungua faili taratibu, akatoa nakala ya ramani, akaishusha mbele ya macho na kuipandisha tena, mara mbili. Wazee kumi na saba miguu mitupu walinitazama. Bruhan naye alinitazama akihema. Nilitafuta tangazo. Huwa sikosi tangazo. Nilitafuta lile neno kubwa lenye nembo ambalo mtu hujificha nyuma yake, nikakuta kinywani mna chokaa tu.

"Ni mimi," nikasema. "Mvua haikuufuta mlango. Mimi ndiye niliyeuziba. Nilitaka Bruhan azunguke, mkabadilisha orodha, na ningeweza kusema saa ile ile. Nilimwona anachechemea safari ya sita. Nilihesabu. Sikusema."

Afande akaishika ile saa iliyoning'inia shingoni, akaibonyeza, na nikaona namba zinarudi sifuri.

Sista Beldina alichukua sinia lake kutoka kwenye benchi, akapanga juu yake vikombe vitupu, akaja kwa mwendo wake ule wa goti moja. Alikuja moja kwa moja hadi niliposimama. Nilifikiri atanipiga, na ningeshukuru. Akasimama hatua moja mbele yangu, mikono imejaa, akangoja, kama mtu anavyongoja mwenziwe aliyeziba mlango.

"Nipishe, mwanangu," akasema.