Krismasi Tuliyokula Mbegu

Soko huria lilipofika Mbinga, nyumbani kwangu liliingia kwa sura ya ndoo. Ndoo tatu za plastiki, nyekundu, buluu na kijani, kila moja na mfuniko wake. Mkwe wangu Vitalia alizibeba kutoka stendi kwa uangalifu, utadhani amebeba watoto wa ubatizo. Miaka yote ile ya nyuma, sabuni ilipokuwa inaonekana dukani mara moja kwa mwezi kama mwezi wenyewe, sisi tulihifadhi vitu kwenye vyungu na vibuyu, na hakuna aliyekuwa na huruma ya kutuambia kwamba tunaishi vibaya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hizo ndoo ni zawadi au ni wageni? Nijue mapema kama nizitandikie kitanda."

"Ni za kupangia nyumba, mama," alisema Vitalia, akacheka. Ana kicheko kizuri yule binti, hilo simnyimi.

Nyuma yake alikuja mwanangu wa kwanza, Nicholaus, karani huko Songea, na karatasi ya manila aliyoikunja kwapani. Nilijua kilichomo. Wiki tatu kabla alikuwa ameniandikia barua: "Mama, Krismasi ya mwaka jana ilikuwa vurugu. Mwaka huu tutakuja mapema tukusaidie kupanga mambo. Tukiona nyumba imekushinda, Januari tutaondoka na wewe. Chumba chako kimeshapakwa rangi."

Kimeshapakwa rangi! Mtu akikupakia chumba rangi ujue kesi yako imeshaamuliwa, umebakia kusomewa hukumu.

Ni kweli mwaka jana mambo yalikwenda vibaya. Mvua ilibomoa ukuta wa jiko asubuhi ya Krismasi, beberu akaingia sebuleni bila kubisha hodi akala nusu ya kitambaa cha meza, na wanaume wa sengu wakapata ugali saa kumi na moja jioni. Sengu, kwa asiyejua, ni desturi yetu ya milimani: wanaume wa ukoo mmoja wanaolima mlima mmoja hula pamoja kwa mkubwa wao, na hapo hapo husemezana habari za mashamba na za watoto wanaowasumbua. Marehemu mume wangu alikuwa ndiye mkubwa wao. Alipofariki wakakubaliana chakula cha Krismasi kiendelee kuliwa kwangu, mdogo wake Xaveri akikalia kigoda.

Nami sikutaka kwenda Songea. Nina mibuni niliyoipanda kwa mkono wangu, nina kaburi la mume wangu nyuma ya migomba, nina majirani wa kugombana nao. Songea ningekuwa na ukuta wa rangi ya krimu wa kuutazama hadi siku ya kufa. Basi Krismasi ile ilikuwa mtihani wangu, na mimi niliyeishia darasa la nne nilijiandaa kuliko walioendelea. Kuni nilizikausha tangu Oktoba. Jogoo wawili niliwafungia. Unga nilisaga mapema, kabla mashine haijaharibika kama ilivyo ada yake kila Desemba.

Nicholaus akabandika manila ukutani, juu kabisa, karibu na picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu. Saa kumi na mbili kamili, kuamka. Saa kumi na mbili na dakika kumi, kunawa. Saa kumi na mbili na robo, chai. Ikaendelea hivyo hivyo mpaka tarehe ishirini na sita.

"Kitendawili," nikasema.

"Tega," akajibu bila hamu.

"Mgeni wangu haalikwi, na akija anabisha paani badala ya mlangoni."

"Mvua."

"Mmempa saa ngapi?"

"Mama, mvua haiandikwi kwenye ratiba."

"Aa. Basi haitanyesha. Tunashukuru."

Ilinyesha siku mbili mfululizo. Tarehe ishirini na nne mchana tukapata habari kwamba lori lililobeba mchele wetu na kreti za soda limezama tope karibu na Kitai, na dereva amejilaza chini yake anamsubiri Mungu. Mchele ule ndio ulioandikwa kwa wino mwekundu kwenye manila: saa saba kamili, PILAU. Vitalia aliutazama mstari ule mwekundu kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama picha ya marehemu.

"Tutapika ugali, mwanangu," nikamwambia. "Watu hawa wameula miaka yote, haujawaua."

"Na mboga, mama? Jogoo wawili kwa watu ishirini?"

"Tuna maharage kwenye ndoo yako. Si umeandika mwenyewe?"

Alikuwa ameandika kweli. Ndoo nyekundu UNGA, ya buluu SUKARI, ya kijani MAHARAGE. Sukari yenyewe ilikuwa vikombe viwili, imekaa chini ya ndoo kama watu wawili ndani ya kanisa kuu.

Siku ya Krismasi nilikwenda misa ya asubuhi na wenzangu wa WAWATA, chama chetu cha wanawake Wakatoliki, kwa sababu tulikuwa na zamu ya kupamba altare. Vitalia alikuwa amesali mkesha, akabaki kupika. Niwaeleze habari zake kidogo ili msimhukumu. Yeye ni wa Mbaha, huko chini ziwani. Kwao ni samaki na mihogo. Amelelewa vizuri, anajua kukausha dagaa hata kwa macho yaliyofumbwa, lakini mlima wetu alikuwa anaujua kwa kupita tu, na alikuwa hajawahi kukaa kwangu zaidi ya siku tatu.

Niliporudi na mvua mabegani nilidhani nimekosea nyumba. Ua umefagiwa, jiko linawaka vizuri, kuku kwenye hotpoti, ugali umefunikwa, na sufuria kubwa ya maharage inanukia kitunguu. Wanaume wa sengu wakafika, wakakaa barazani chini ya bati, wakanawa. Saa saba kamili! Hata dakika moja haikupotea. Nikamtazama Nicholaus, naye akanitazama, na nikaona rangi ya krimu inabanduka polepole kutoka kwenye kile chumba. Nimefaulu, nikajisemea. Nimefaulu kwa alama za juu.

Ndipo shemeji Xaveri akasimamisha tonge njiani.

"Shemeji."

"Abee."

"Maharage haya ni ya wapi?"

"Ya humu humu ndani."

Akachukua moja kwa vidole viwili, akalinyanyua kwenye mwanga. "Maharage ya kula yanachanganyika, makubwa kwa madogo. Haya yamelingana kama askari wa gwaride. Nani aliyachambua hivi?"

Niliinama kwenye bakuli na moyo ukanishuka hadi kwenye malapa. Niliyachambua mimi, Julai, moja moja, siku nne nzima. Zilikuwa mbegu zangu za Machi. Nilizichanganya na majivu zisiliwe na wadudu, nikaziweka kwenye chungu, nikakisukuma kwenye kona ya giza ya dari ya jiko.

Mkae mkijua jambo moja: kwetu nyumba haili mbegu zake. Mwaka wa njaa watu walichimba mizizi ya porini na mbegu ziko pale pale kwenye majivu, hakuna aliyezigusa. Mwenye kuzipika na kuwalisha wakubwa wa sengu ametoa tangazo, tena mbele ya mashahidi: nimemaliza kulima mlima huu, kwaherini.

Xaveri akanawa mkono taratibu. "Kumbe umeshaamua. Ungetuaga kwa mdomo, shemeji, si kwa sufuria."

Barazani wengine waliacha kula. Wengine waliona huzuni isiwazuie, wakaendelea na kuku. Nami nikafungua kinywa niseme hapana, sijaamua chochote, sijui hata zilifikaje jikoni.

Lakini Placidi alinitangulia. Placidi ni mtoto wa mdogo mwingine wa marehemu mume wangu, kijana mwenye huruma sana, hasa kwa mali za watu.

"Mama mkubwa, tutakukosa mno," akasema, bado anatafuna. "Sasa, kwa kuwa unaondoka, lile shamba la kijitoni lisije likaota magugu. Mimi naweza kulianza hata kesho kutwa."

"Na mibuni?" akauliza Ignatio, jirani yake. "Wanunuzi binafsi siku hizi wanafuata kahawa hadi mlangoni. Mibuni haitaki kulala bila mtu."

"Mibuni tugawane," akasema Placidi. "Wewe ya juu, mimi ya chini."

"Ya chini ndiyo yenye maji, mjanja wewe!"

Hapo nikamwona Nicholaus. Tangu abatizwe sijawahi kumwona anawasikiliza wazee kwa makini namna ile. Tonge lilikuwa limekauka mkononi. Basi nikafunga kinywa changu. Mungu anisamehe, nilikifunga makusudi kabisa, nikajipangusa jicho kwa ncha ya kanga, jicho ambalo halikuwa na kitu.

"Ngojeni," akasema Nicholaus. "Ngojeni kwanza. Baba mdogo, yale ni mashamba ya marehemu baba."

"Ndiyo," akasema Xaveri. "Na marehemu alikuwa analima. Mlima ni wa anayelima. Mama yako akiondoka, wewe utarudi ulime?"

"Mimi nina kazi, baba mdogo."

"Placidi, una kazi?"

"Sina, baba mkubwa! Sijawahi kuwa nayo!"

Walicheka hadi kuku walionusurika wakakimbia uvunguni. Nicholaus peke yake hakucheka.

Vitalia akatoka jikoni mbio, mwiko mkononi, machozi yanamtiririka. "Jamani, ni mimi! Mama hajui lolote. Maharage ya kwenye ndoo yalikuwa hayatoshi, nikakuta chungu kimejaa majivu, nikadhani ni mabaki yaliyosahauliwa. Nikayahurumia, nikayaosha mara tatu!"

"Mara tatu!" Placidi akashika kichwa. "Ninyi watu wa ziwani, kwenu mnapanda nini, samaki?"

"Tunapanda mihogo, shemeji. Tunakata kijiti, tunachomeka ardhini, tunaenda zetu. Kijiti hakihitaji kuvikwa majivu kikafichwa gizani kama mwizi!"

Alisema hivyo huku analia, na mwiko amemwelekezea Placidi puani. Nilimpenda sana dakika ile.

Xaveri alisubiri vicheko viishe. "Kosa ni kosa, mwanangu, tumekuelewa. Lakini mbegu zimo tumboni, na Machi haisubiri. Shemeji, mwenyewe unasemaje? Unaondoka au unabaki?"

Macho yote kwangu. Hii ndiyo ilikuwa nafasi ya kusema neno moja tu, nikaona nisiliseme mimi.

"Nisemeje, shemeji? Mimi naambiwa kuna chumba kimepakwa rangi. Mwulizeni mwenye brashi."

Nicholaus akatazama mlima, ukungu umeufunika nusu. Akamtazama Placidi, ambaye alikuwa ameshaanza kuhesabu mibuni kwa vidole.

"Mama hahami," akasema.

"Sema kwa nguvu, mvua inapiga bati," nikamwambia.

"Mama hahami! Anakaa hapa hapa kwake!"

"Vema," akasema Xaveri. "Basi kila nyumba italeta bakuli moja la mbegu kabla ya mwaka mpya, hata wewe Placidi, usijifanye husikii. Na wewe, Nicholaus, unayesema mashamba hayajaachwa, Machi utakuja ukate nyasi na kuzipanga kwa ajili ya ngoro, mashimo yetu ya kulimia mlimani. Hiyo ni kazi ya mwanamume, na humu ndani mwanamume ni wewe."

"Baba mdogo, Machi ofisini kuna..."

"Placidi, ulisema shamba la kijitoni unaweza kulianza lini?"

"Nitakuja," akasema Nicholaus haraka. "Nitakuja, baba mdogo."

Walipoondoka nilimkuta Vitalia ameketi kwenye kinu, amejiinamia. Nikakaa karibu yake.

"Kitendawili."

"Tega, mama," akajibu kwa sauti ya kwikwi.

"Niliwazika wamekauka, wakarudi wabichi na watoto wao."

Akafikiri. "Ufufuko wa wafu?"

"Umekaribia sana. Maharage."

Akacheka mpaka akakohoa, nami nikamfuta uso kwa kanga ile ile. Kisha tukaosha vyombo, na hakuna aliyetazama saa.

Mbegu zililetwa, bakuli kumi na moja. Nyekundu, za njano, za madoadoa, nyingine za rangi ambayo sijawahi kuiona mlimani kwetu. Placidi alileta bakuli dogo kuliko yote, na akakaa hadi akapewa chai.

Machi Nicholaus alikuja kweli na Vitalia, miguuni mabuti mapya ya mpira. Tulipanda mlimani asubuhi, yeye mbele akipanga nyasi kwa miraba, mimi na Vitalia nyuma tukimwaga mbegu juu ya nyasi na kuchimba udongo wa katikati kuzifunika, kila mraba ukiacha shimo lake. Ilipofika saa nne, miraba yake ilikuwa imepinda kama njia ya mlevi. Akasimama, akajishika kiuno, akatazama juu kule ambako nyasi zilikuwa bado hazijaguswa.

"Mama, huu wote ulikuwa unaulima peke yako?"

"Peke yangu wapi? Nilikuwa na ile nyumba iliyonishinda, tukawa wawili."

Aliinama akavuta fungu jingine la nyasi, na mraba ule, nasema kweli, ulikuwa na nafuu kidogo.