Ripoti ya Walimu Wapya

Katika shule yetu ya Gikondo, mlezi rasmi wa walimu wapya alikuwa mkuu wa shule, Direkteri Ntakirutimana. Malezi yenyewe yalikuwa hivi: unaketi ofisini kwake, anakusimulia miezi mitatu aliyosoma Ubelgiji, kisha unaambiwa nenda ukafundishe.

Aliyetaka kuijua kazi alikwenda kwa Gaudiose, mpiga chapa. Mitihani na maandalio yetu yote ya masomo yalipita mikononi mwake, na kwa miaka kumi na mitano alikuwa ameshajua nani anafundisha na nani anapiga kelele tu. "Hapa watoto watarara," angekuambia. "Anza na swali." Mimi mwenyewe, mwalimu wa hesabu na cheti changu, nilinyooshwa pale, wala sioni haya kusema.

Mwaka 1991 akaja Médiatrice, binti mwenye sauti ya kuomba radhi. Ukaguzi wa kwanza alianguka. Akianguka tena, kazi hana. Kila mapumziko alikuwa kwa Gaudiose.

Direkteri akaona foleni mlangoni kwa mpiga chapa, kwake hakuna hata nzi. Akawaka.

"Wewe Gaudiose iko mwalimu? Kuanzia leo unachapa vile imeandikwa. Hakuna kubadirisha kitu!"

"Ndiyo, Direkteri."

Basi, ripoti ya walimu wapya ilikuwa karatasi moja tu, aliyoiandika Direkteri zamani kwa mkono. Kila mwaka Gaudiose alibadili jina na tarehe, akalainisha makali. Safari hii aliichapa kama ilivyo. Direkteri akatia sahihi bila kusoma, na siku ya ukaguzi wa pili akamkabidhi mkaguzi, Bwana Niyonzima, mbele yetu sote.

Mkaguzi akasoma kwa sauti: "Mwalimu Niyonzima ni mvivu, watoto wanamcheka. Aondolewe. Septemba 1978."

Niliuma ulimi nisicheke. Direkteri alilowa jasho.

"Huyu ni mimi," mkaguzi akasema taratibu. "Lakini iliyo katika faili langu inasema nipewe muda."

Akamtazama Gaudiose, aliyekuwa ameinamisha kichwa. Nami nikaelewa ni nani aliyeilainisha mwaka ule.

"Mama Gaudiose, Médiatrice je?"

"Muhula mmoja tu. Ataweza."

"Andika, Direkteri."

Direkteri akatafuta kalamu. Gaudiose akamtajia neno kwa neno, polepole, asije akakosea.