Wakwe Hawabishani

Korongo la nyuma ya nyumba ya Massoudi, huko pembeni kabisa mwa Gasenyi, lilikuwa na tabia za mgeni asiye na haya: halipigi hodi, na likikaa kula halijui kushiba. Mvua zilizopita lilimeza jiko zima na sufuria ya maharage ikiwa motoni. Massoudi huapa kwamba maharage yale yalifika ziwani yameshaiva, na viboko wa kule walikula wakalalamika kwamba chumvi haitoshi. Mkewe Mwanne, ambaye ndiye aliyetia chumvi, hakucheka siku ile na hajacheka mpaka leo. Kutoka ukuta wa chumba chao cha kulala mpaka ukingoni zilibaki hatua sita. Massoudi alizipima kila asubuhi kwa miguu yake ya fundi magari mstaafu, na kila asubuhi alijaribu kuzifanya hatua ziwe fupi, ili zipatikane saba.

Mawe ya kujenga ukuta wa kulizuia korongo yalikuja kweli. Kila mtu aliyaona, malori kumi na moja, yakamwagwa mbele ya nyumba ya Moubarak, shefu wa kartiye, yaani mkuu wa mtaa. Kisha yakaanza kupungua, kama sukari katika nyumba yenye watoto. Mwezi haujaisha, yalikuwa yamebaki ya kukalia tu. Moubarak akasema tangu mwanzo yalikuwa machache, msingi umeyala. Huo msingi hakuna aliyeuona.

Ndipo Uthmani, mwenye duka la misumari na simenti, alipojitokeza kugombea ushefu. Uthmani alikuwa mwandishi wa kamati ya ukuta, na karatasi ya mawe ilikuwa mikononi mwake: yaliingia mangapi, yalitoka mangapi, nani aliyachukua.

"Nitaisoma Jumapili ya wiki ijayo kwenye deba," alimwambia Massoudi. "Moubarak amekaa palepale, mi naisoma, anasikia, watu wanasikia."

Deba ndiyo mdahalo wa wagombea mbele ya watu wote; Massoudi hakuhitaji zaidi ya hapo. Neno la chumbani hukanushwa asubuhi. Neno la uwanjani lina masikio mia tatu ya kulishika. Waliochukua mawe wangeaibika, mawe yangerudi, na kulikuwa bado na wiki sita za jua kabla ya mvua. Akapita nyumba nane za ukingoni, moja baada ya nyingine. Jirani yake Consolate, mjane, alikuwa ameshafunga magodoro kwa kamba, tayari kuhama ingawa hakujua anahamia wapi.

"Fungua hizo kamba, mama," Massoudi alimwambia. "Ngoja Jumapili."

"We na maneno yako, muzee. Safari hii ni ya kweli ao ni ya viboko?"

"Ya kweli."

Consolate akafungua kamba.

Jumamosi iliyotangulia wiki ya mdahalo, Uthmani alikuwa anapokea posa ya binti yake Fadhila, na msemaji wa nyumba alikuwa nani kama si Massoudi? Kwa kazi ile hakuwa na mpinzani mji mzima. Wageni wanakuja kuomba binti, nawe unakana kwamba yupo. Wanabembeleza, unawazungusha, watu wanacheka, mwisho unalainika. Lakini ukishatamka kwamba mmetoa, mmetoa. Msemaji hana ulimi wa pili wa kurudia nyuma.

Massoudi alisimama juu ya ngazi mpya ya mawe mbele ya mlango wa Uthmani, kofia imekaa upande. Msemaji wa wageni, mwalimu mstaafu wa Ngagara, akaanza.

"Tumetoka Ngagara kwa miguu. Viatu vimeisha."

"Basi muende kwa fundi viatu. Hapa ni kwa Uthmani, tunauza misumari."

"Ni musumari mumoja tu tumefuata."

"Iko mirefu, iko mifupi. Ile mirefu inatoboa mukono."

"Mukono tumeuleta."

Watu walicheka mpaka sahani za sambusa zikatikisika. Massoudi aliwazungusha saa nzima. Siku hiyo alisahau korongo, alisahau hatua sita; ulimi ulikuwa unateleza wenyewe kama gari lililotoka kutiwa oili. Mwisho akanyanyua mkono.

"Tumewapa."

"Mumetupa?" wageni wakaitikia.

"Tumewapa. Tumewapa."

Vigelegele vikapanda. Mwalimu akaanza kuwataja wazee wa kijana, mmoja mmoja, wasimame waonekane: baba yake huyu, baba mdogo huyu. "Na huyu ni mujomba wake, ndugu ya mama yake, ndiye alimulea." Mtu akainuka kutoka safu ya nyuma, kanzu nyeupe, manukato yanamtangulia. Alikuwa Moubarak. Alipita katikati ya mikeka, mikono wazi, akamkumbatia Uthmani.

"Mukwe wangu," alisema Moubarak.

Mdomo wa Massoudi ulibaki wazi hata mtu mmoja akadhani anasubiri kulishwa, akamtilia sambusa.

Jumatano ujumbe wa sauti ukazunguka kwenye simu za kartiye nzima. Ulikuwa wa Uthmani, sauti imelainika kama ya mtu anayesoma tangazo la msiba: kugombea anaendelea kugombea, ila kwa heshima ya ukwe, kwenye deba hatakwenda.

Massoudi alimkuta dukani, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake.

"Muzee, we mwenyewe ndiye ulisema tumewapa," Uthmani alianza kabla hajasalimiwa. "Tena mara tatu."

"Nilimupa kijana binti. Sikumupa mujomba wake nyumba yangu."

"Mukwe hamuvui mukwe nguo mbele ya watu. Hiyo we ndiye unatufundishaka kila siku."

Massoudi akameza hilo. Lilikuwa kweli.

"Ulijua ni mujomba wake?"

Uthmani alichota misumari kutoka boksi moja akaitia katika jingine, kisha akairudisha. "Tangu mwezi wa sita."

"Na ukaniweka pale nikuchezee ngoma."

"Nani mwingine angeweza? Watu wangeuliza maswali. Na kwako walikuwa wanacheka tu, hawaulizi."

"Sawa. Nipe karatasi. Mi si mukwe wa mutu. Nitaisoma mwenyewe."

Mteja aliingia akaulizia bawaba, akaambiwa zimekwisha, ingawa zilikuwa zinaning'inia juu ya kichwa chake.

"Karatasi inasema mawe yalienda wapi," Uthmani alisema mteja alipotoka. "Yote."

"Ndiyo tunataka."

"Yote, muzee."

Macho yake yalienda mlangoni, yakatua chini. Massoudi akayafuata. Ngazi ile ilikuwa imejengwa vizuri, mawe ya kijivu yaliyochongwa sawasawa, kila moja limeshikana na mwenzake. Jumamosi alikuwa ameikanyaga saa nzima, akicheza na kisigino juu yake.

"Ngazi na choo tu," Uthmani alinong'ona. "Basi. Mengi alibeba Moubarak, yako chini ya nyumba yake huko Kibenga."

"Karatasi iko wapi?"

"Niliwashia makaa."

Massoudi aliteremka ngazi ile kwa kuiruka, mzee wa miaka sabini na mbili, akaumia goti.

Jumapili watu walikuja uwanja wa mpira hata hivyo, maana mdahalo ulikuwa umeshatangazwa na soda zimeshapoa. Moubarak akasimama peke yake, akasema kartiye hii haina ugomvi, kartiye hii ni familia moja, na mwenye macho aliona Jumamosi. Wakapiga makofi. Massoudi akainuka, goti limefungwa kitambaa.

"Mawe ya ukuta yako kwenye ngazi ya Uthmani," alisema. "Mengine yako Kibenga, chini ya nyumba ya huyu."

Kicheko kilianzia mbele, kikaenda mpaka golini.

"Endelea, muzee," kijana mmoja alipaza sauti. "Yalienda Kibenga na basi ya saa ngapi?"

"Ni kweli," Massoudi alisema. "Safari hii ninasema kweli." Nao wakazidi kucheka, maana hivyo ndivyo alivyokuwa akianza siku zote. Moubarak alicheka kuliko wote, akamfuta machozi jirani yake kwa leso yake mwenyewe, kisha akaagiza mzee apelekewe Fanta baridi.

Hakuinywa. Alirudi nyumbani akichechemea, akatoa kisanduku cha spana, akaanza kuifungua nyumba ili wahame nayo, kwanza mlango wa chumba cha kulala. Bawaba zilikuwa na kutu. Alizipaka oili, akangoja, akajaribu tena. Mwanne alitoka nyuma, akamtazama. Akavua kanga ya pili, akajifunga kiunoni, akaenda kushika mlango usianguke.

Consolate alikuja mpaka kwenye ua.

"Si ulisema tungoje Jumapili?"

Massoudi alirudisha spana kwenye bawaba. Mama yule akageuka, akarudi kwake. Baada ya muda ikasikika nyundo juu ya paa lake, ikifuatwa na nyingine nyumba ya tatu, na nyingine, misumari inalia inapong'olewa kwenye bati, ukingo mzima.

Mlango ukatoka. Ulikuwa mzito kuliko walivyofikiri.

"Tunaupeleka wapi?" aliuliza Mwanne.

"Sijui. Shika huko kwako kwanza."