Kaimati za Jawaher na Jaji wa Indiana

"Bakuli la jirani halirudi tupu, hata mtoto wa juzi anajua!" nilimpigia kelele Jawaher juu ya ukuta, bakuli langu mkononi.

"Nililijaza kaimati, Masouda. Nikampa mumeo mlangoni."

"Sinan ana sukari! Hagusi hata tende!"

"Basi mimi mwongo. Wallahi, mguu wangu hutauona tena kwako."

Miaka mitatu sasa, na bado nnakisikia kiapo kile. Mtaa huu wa Al Amerat tulihamia pamoja, ukiwa bado mawe matupu. Jawaher akinisusa, nani angeniletea habari za watu? Lakini ulimi ukishatoka mbio, nani wa kuushika?

Nikamwita Sinan atuamue.

Mume wangu alistaafu ukarani wa mahkama, na mwaka ule alikuwa amezama katika kitabu cha jaji mmoja wa Marekani, Amos Tolliver wa Indiana, aliyekufa zamani za farasi. Nyumba nzima tulimjua kama shemeji. Mtoto wa mhunzi, kasoma sheria kwa mwanga wa tanuri. Kapanda farasi siku tatu kwenda kuamua ugomvi wa nguruwe mmoja. Huko majaji walipigiwa kura. Kakaa kitini miaka ishirini na sita, watu wakamtoa siku alipomfunga ndugu wa mkewe.

Sinan akatoka na kanzu yake nyeupe, kitabu kwapani.

"Jaji Tolliver asingeisikiliza kesi hii," alisema taratibu.

"Kwa nini?"

"Ile ya nguruwe, aliisikiliza nusu, akashuka kitini. Akasimama wanaposimama washitakiwa. Nyama ya nguruwe yule alikuwa keshaila mwenyewe, karamuni, bila kujua."

"Astaghfirullah, nguruwe tena!" alisema Jawaher.

"Akajitoza faini." Sinan akafungua kitabu atuoneshe. Ukurasa wenyewe haukufunguka. Kurasa mbili zilikuwa zimegandana kwa shira ya kaimati, na pembeni alama ya kidole gumba, imetuna kama muhuri.

Jawaher alikuwa ameshageuka, anaelekea mlangoni kwake, na mabega yake yakitikisika. Sikujua analia au anacheka. Nikaliweka bakuli chini, nikalifungua geti.

"Jawaher, rudi, shoga yangu. Pita ndani, pilau yapoa."

Akasita. "Na huyo jaji wako?"

"Jaji ana boga la kuchemsha. Njoni nyote."